Herufi Arobaini za Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya michoro ya kazi, kumbe lina mistari, na juu ya mistari siwezi kuchora. Basi litakuwa la kuandikia mambo yangu.

Leo bosi wetu, Revelian, amenikabidhi kazi ambayo ndiyo itaamua kama nabaki au naondoka. Tunatengeneza mfumo wa mtandaoni wa kufuatilia miradi kwa ajili ya kampuni ya ujenzi yenye saiti kumi na moja, kuanzia Madale mpaka Kimbiji. Suhaib anaandika programu. Mimi napanga kurasa: nini kikae wapi, menyu iwe na nini, mtu abofye wapi ili afike wapi. Mteja wetu ni Injinia Theonest, mkuu wa saiti zote hizo. Tarehe 28 Aprili ama anatia saini mkataba wa miaka mitatu, ama hatii. Na mimi niko kwenye majaribio ya kazi yanayoisha mwezi huohuo.

"Tupokigwe," Revelian aliniambia, "huyu mzee anafungua ukurasa mmoja tu. Wa mbele. Asubuhi, chai ikiwa mkononi. Asipoelewa hapo, tumekwisha."

Ataelewa. Kazi hii naijua.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mimi na Revelian tumeanza Kwaresma, Suhaib yuko kwenye Ramadhani. Ofisi nzima hakuna anayechemsha chai, na kila mtu ana hasira na kompyuta yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Madale kuwaona watakaoutumia mfumo. Wanajenga ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko. Juu yake kuna barabara mpya, chini kuna kipande kidogo cha ardhi tambarare, na hapo ndipo lilipo banda lao: stoo ya saruji upande huu, vitanda upande ule. Mvua ikinyesha wote huingia humo. Wako kumi na wanne pamoja na msimamizi, Mzee Gervas, mtu wa Ndanda, mpole hadi unamwonea wivu. Nilimuuliza kwa nini banda liwe chini ya ukuta.

"Kwingine kote ni mlima, mwanangu. Na hapo kapachagua Injinia mwenyewe. Mwaka jana nilihamisha stoo bila kuuliza, saruji ikalowa. Nusura nirudi kwetu na begi langu."

Taarifa ya kila siku huandikwa na karani wa saiti, anaitwa Rosalia. Alinionyesha kwenye simu yake anavyomwandikia Injinia. Mungu wangu. Shikamoo, habari za nyumbani, sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, watoto nao tunawaombea. Kazi yenyewe unaikuta mstari wa sita.

Nikamwambia, "Dada Rosalia, mfumo mpya utataka maneno mafupi. Unaanza na ishu moja kwa moja."

Alinitazama kama niliyemwambia aingie nyumbani kwa watu bila hodi. "Kwa mkubwa wangu? Nianze na shida? Hapana, dada. Hata mwenye msiba husalimia kwanza."

Nilicheka. Kwenye bodaboda nikirudi nilicheka tena.

Jumatatu, 10 Machi

Ubishi na Suhaib tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Mimi nataka saiti zote kumi na moja zionekane kwenye ukurasa wa mbele bila kushusha skrini. Kila saiti ipewe mstari mmoja: jina, rangi, na herufi arobaini za kwanza za taarifa ya siku. Anayetaka kusoma zaidi abofye. Suhaib anataka taarifa nzima ionekane.

"Tupo, hawa watu hawaandikagi kama wewe."

Nikamjibu kwamba wataandika nitakavyowafundisha. Rangi nimezipanga hivi: taarifa ikifika kwa wakati, kijani, ikichelewa, njano, isipofika kabisa, nyekundu. Pembeni ya kila taarifa nimeweka alama ndogo ya jicho, ili karani ajue kwamba mkubwa wake ameisoma. Suhaib akauliza jicho liwake wakati gani. Nikasema taarifa ikishatokea kwenye ukurasa wa Injinia inatosha, si keshaiona?

Akanyanyua mabega. Aliyefunga habishani mpaka mwisho.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa nimeweka "Changamoto" kwenye menyu ya juu kabisa. Revelian kaiondoa. Anasema mteja hakaribishwi na changamoto mlangoni. Tumeiingiza ndani ya "Mengineyo", chini ya "Likizo" na "Picha". Sikubisha. Na kweli ukurasa umekuwa msafi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya meza ya Suhaib. Tumekinga ndoo.

Ijumaa, 21 Machi

Mama kapiga simu kutoka Tukuyu. Habari za kwaya, habari za ndizi, habari za jirani aliyeoza binti, dakika kumi nzima. Nilipoanza kumuaga ndipo akasema, "Ila baba yako miguu imevimba, daktari kamlaza tangu juzi."

Tangu juzi! Nilimuuliza kwa nini hakuanza na hilo. Akasema, "Nilikuwa sijakusalimia." Baba anaendelea vizuri, kesho anatoka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama yake Suhaib kaniletea bakuli la pilau. Sijui nitalirudisha na nini, maana bakuli la watu halirudi tupu.

Jumatano, 2 Aprili

Mfumo umeanza kazi. Injinia Theonest kampigia Revelian saa moja asubuhi: "Ukurasa unapendeza. Saiti zote nimeziona kabla chai haijapoa." Halafu akawatangazia wasimamizi wote kwamba kuanzia leo hataki kupigiwa simu, simu ni kelele, kila jambo lipitie kwenye mfumo. Revelian kanipongeza mbele ya watu. Nimefurahi hadi nimekosa hamu ya kula.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu Jumamosi. Kimbiji wameandika: "Makalavati mawili tayari, la tatu kesho." Hivyo ndivyo mtu anavyoandika. Madale wameandika: "Shikamoo Injinia. Huku sote hatujambo, t…"

Jumanne, 8 Aprili

Madale: "Shikamoo Injinia. Huku sote hatujambo, t…"

Nimewatumia makarani wote maelekezo upya, kwa lugha ya heshima.

Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo Injinia. Huku sote hatujambo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Maji yameingia dukani chini ya ofisi yetu, vipuri vinaelea kwenye maboksi. Madale ni ileile. Nimeanza kumchukia Rosalia, mwanamke ambaye hajanikosea kitu. Najua ni upuuzi. Lakini kila asubuhi nikifungua ukurasa wangu mzuri naikuta shikamoo yake imekaa pale, imejaza nafasi yote niliyompa, na hakuna la maana lililosemwa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Shikamoo Injinia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Shikamoo Injinia. Kijani. Jicho linawaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Hata jana, sikukuu yenyewe, Madale walituma taarifa kwa wakati. Revelian amefurahi, anasema ndiyo saiti yetu bora: siku ishirini kijani mfululizo, anataka aionyeshe kama mfano siku ya kutia saini. Ila salamu zile zinamtia aibu. "Mpigie huyo dada umnyooshe," amesema. Nitampigia wiki hii. Nimeshapanga na maneno ya kumwambia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyotokea kabla sijaanza kujitetea.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Saa saba na nusu mchana nilimpigia Rosalia. Akapokea, nyuma yake nasikia bati likipigwa na maji. Akanisalimia, akaniulizia baba yangu, maana siku ile nilipokwenda Madale nilimtaja. Nikamkatiza.

"Dada Rosalia, nimeomba mara ngapi? Kila siku salamu. Hatuoni kazi, tunaona shikamoo tu."

 Nikamsikia akisogea mbali na kelele za bati.

"Dada Tupo," akasema taratibu, "mnaona shikamoo tu? Na ya ukuta hamuoni?"

"Ukuta gani?"

"Mie naandika habari ya ukuta siku ya kumi leo."

Nilibofya. Nisiseme uongo: tangu mfumo uanze sikuwahi kubofya taarifa ya Madale hata mara moja. Nilianzia tarehe kumi na tano.

"Shikamoo Injinia. Huku sote hatujambo, tunamshukuru Mungu, nawe na familia tunawaombea. Ila ukuta upande wa mlimani umepasuka, ufa unaingia kidole. Mzee Gervas anaomba ruhusa tuhamishe banda."

Kumi na sita: salamu zilezile, tunamshukuru Mungu, ila ufa unaingia vidole viwili, tunaomba jibu. Kumi na nane: vidole vitatu, na maji yanatoka ndani yake. Jumapili ya Pasaka, pamoja na kumtakia Injinia sikukuu njema: ila kiganja kinaingia. Jana: mkono mpaka kwenye kiwiko, na ukuta umeinama, tunaomba jibu Injinia wetu. Na pembeni ya kila taarifa, jicho langu linawaka.

 Nikamuuliza kwa nini hawakupiga simu.

"Si alikataza simu. Na jicho linaonyesha amesoma. Sie tukajua amesoma, akiona vema tukae, tukae. Mkubwa akinyamaza ndiyo amejibu."

"Mko wapi sasa hivi?"

"Bandani. Wote. Tutaenda wapi na mvua hii?"

Nikaomba nimpate Mzee Gervas. Nikamwamkia, nikamwambia Injinia hajasoma hata neno moja, kosa ni langu, atoe watu sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nakushukuru. Lakini jicho linawaka. Wewe unachora kurasa, amri ya saiti haitoki kwako. Nikiondoka nikaacha saruji ya watu, kesho Injinia akisema nani kakuruhusu, nitakutaja wewe?"

"Nitaje."

"Hapana, mwanangu. Nipatie neno la Injinia, hata moja."

Nikampigia Injinia. Haipatikani. Tena. Haipatikani. Alikuwa Kimbiji kukagua makalavati, na simu yake kule huwa hewani ikitaka. Lakini kwenye mfumo jina lake lilikuwa na nukta ya kijani. Kishikwambi chake, chenye laini ya mtandao mwingine, kilikuwa wazi, na kila baada ya muda alikuwa anafungua ukurasa wa mbele. Alikuwa anautazama ukurasa wangu wakati uleule nautazama mimi. Madale, kijani, hatujambo.

Nilikwenda kwa Revelian nikamweleza. Alikaa chini kwanza.

"Siku nne, Tupokigwe. Siku nne kabla ya saini, unataka mteja aone mfumo wetu ulimficha habari?"

"Kuna watu kumi na wanne chini ya ukuta, bosi."

"Sijasema waachwe. Mwandikie ujumbe wa kawaida, ataukuta. Ukurasa wa mbele usiuguse. Ukiugusa, umejifukuza mwenyewe."

Ujumbe wa kawaida ataukuta wapi? Ujumbe nao niliuweka ndani ya "Mengineyo", pamoja na "Changamoto". Niliuficha kwa mikono yangu, nikapigiwa makofi.

Nilirudi mezani. Suhaib alikuwa amesikia yote, ukuta wa ofisi ni wa mbao. Hakuniambia "nilikwambia". Akahamisha ndoo ya mvua, akavuta kiti.

"Sema unataka nini."

"Toa saiti zote. Toa rangi, toa menyu. Acha taarifa ya Rosalia ya leo peke yake, herufi kubwa."

"Yote?"

Niliisoma tena. Salamu peke yake zingejaza nusu ya kishikwambi. "Anzia kwenye neno ila," nikasema.

Alipiga vitufe dakika sita. Nilizihesabu. Saa nane na dakika kumi na saba ukurasa wa mbele wa Injinia Theonest ulikuwa mweupe, na katikati maneno haya: "Ila ukuta umeinama. Ufa unaingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Sote tuko bandani chini yake. Tunaomba jibu." Chini yake jina la Rosalia na saiti ya Madale, na kitufe kimoja: "Hameni sasa." Maneno ya kwenye kitufe yalikuwa ya Suhaib.

Tulisubiri. Nukta ya kijani ikazima. Tukasubiri. Revelian akatokea mlangoni, akaona skrini, akabaki amesimama hapohapo. Nadhani naye alianza kusubiri. Saa nane na nusu. Saa nane na dakika arobaini nukta ikawaka, na kitufe kikabonyezwa mara tatu, kana kwamba aliyekibonyeza hakuwa na uhakika kama kinafanya kazi.

Nilimpigia Rosalia hapohapo nikamsomea. Nikamsikia akipaza sauti, "Mzee, Injinia kasema tuhame!" na vitu vikianza kuanguka anguka, na mtu akiuliza kuhusu saruji, na sauti ya Mzee Gervas, ile ya upole, ikisema saruji ibaki.

Walikwenda kwenye jengo la kanisa upande wa pili wa barabara. Saa kumi kasorobo Rosalia akanipigia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunisalimia.

"Banda hakuna," akasema. Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda Madale asubuhi. Nusu ya ukuta imelala pale palipokuwa na vitanda. Mguu mmoja wa kitanda cha chuma umechomoza kwenye tope, mwingine sikuuona. Mzee Gervas alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia samahani, nikaisema mara nyingi mno.

Rosalia amenishukuru, lakini ameumia. "Dada Tupo, ulinipeleka kwa mkubwa wangu bila shikamoo. Jina langu liko pale chini." Hakuwa anatania. Nikamwomba radhi na kwa hilo pia, na sikucheka.

Jumatatu, 28 Aprili

Injinia alikuja ofisini. Hakutia saini. Alikaa mbele ya Revelian, kofia magotini, mtu mzima aliyezeeka kwa siku nne.

"Kalamu nimekuja nayo," alisema, "lakini kwanza nieleze. Siku kumi mtu ananiandikia ukuta unaanguka, na mfumo wenu unaniambia hatujambo."

Revelian akaanza kueleza kuhusu urefu wa mstari. Nikamkatiza, nikasema nilipanga mimi: herufi arobaini, rangi na jicho, vyote mimi. Sikutaja "Changamoto" ilihamishwa na nani. Revelian alitazama meza.

Injinia alinigeukia. "Nilipofungua nikaona yamebaki maneno ya yule binti, sikuyasoma kwanza. Niliona hakuna shikamoo. Rosalia ananiandikia mwaka wa tatu, hajawahi kuacha. Nikajua kuna watu wanakufa." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na mimi niliwakataza simu."

Amesema atarudi baada ya wiki mbili, aone ukurasa mwingine. Revelian amenipa barua ya onyo kwa kugusa ukurasa wa mbele bila ruhusa, na barua nyingine ya kuniongezea miezi mitatu ya majaribio. Zote amezisaini leo, kwa kalamu moja, bila kunitazama.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imepungua. Mimi na Suhaib tumeupanga upya. Taarifa ya kila saiti inaonekana nzima, hata kama Injinia atashusha skrini mpaka kidole kichoke. Jicho haliwaki mpaka ajibu kwa neno lake mwenyewe. "Changamoto" imerudi juu, ya kwanza. Revelian aliiona akapita.

Suhaib aliuliza kama tuweke kisanduku cha salamu peke yake, kitenganishwe na habari. Nilifikiri sana. Nimekataa. Mtu aandike anavyoongea, kazi yetu ni kusoma mpaka mwisho.

Nimempelekea mama yake bakuli, nimeweka maparachichi ya kutoka kwetu.

Jumatano, 30 Aprili

Jua. Nimefika ofisini kabla ya wote, nikafungua ukurasa mpya. Madale wameshatuma, saa kumi na mbili na nusu, kutoka kanisani.

"Shikamoo Injinia. Huku sote hatujambo, tunamshukuru Mungu, nawe na familia tunawaombea. Sote ni kumi na wanne."

Niliteremsha kidole kutafuta ila. Haikuwepo. Nikairudia taarifa yote tangu shikamoo, polepole, halafu nikaisoma tena.